Bei ya Maneno Machache

Katika mji wa Isiolo, pale ambapo nyanda za juu za Kenya huishia na nchi kavu ya kaskazini huanza, kuna wanawake ambao riziki yao ni maziwa ya ngamia. Maziwa hukamuliwa mbali malishoni, huletwa mjini katika mitungi, na kabla ya kupokewa hunuswa, huonjwa na hupimwa. Yaliyo mema hupakiwa katika basi yakaenda Nairobi, mwendo wa kilomita 280 hivi, ambako wanunuzi huyangojea. Biashara hii huhesabiwa kwa lita. Kwa sababu hiyo mtu mwenye tamaa huona njia nyepesi ya kuongeza pato lake: hutia maji. Mtungi hujaa, lakini maziwa hayaongezeki. Kilichoongezeka ni uzito tu, na uzito huo mnunuzi huulipia fedha njema.

Nimeanza na maziwa, lakini habari ninayotaka kusema ni ya maneno.

Zamani si nyingi, kijana wa Isiolo aliyetaka maandishi yake yasomwe na watu wa mbali hakuwa na budi kuyapeleka kwa mhariri wa gazeti Nairobi au Mombasa, kisha akangoja. Leo ana simu mkononi. Aandikapo aya moja asubuhi, aya hiyo yaweza kusomwa saa ile ile Moyale, Mombasa, Muscat na Minneapolis. Zaidi ya hayo, yaweza kumletea fedha. Na hapa pana jambo la kushangaza: mara nyingine maandishi mafupi ya maneno mia mbili huleta fedha nyingi kuliko insha ndefu iliyomtoa mwandishi jasho mwezi mzima. Kwa nini iwe hivyo? Na je, fedha hiyo ni halali? Swali la kwanza ni la akili. La pili ni la dhamiri. Mtu akijibu la kwanza akaacha la pili, amejifunza biashara lakini hajajifunza uandishi.

Ili kujua kwa nini maneno machache hulipwa, sharti kwanza tujue nani hulipa, na hulipa kwa kipimo gani. Vipimo vilivyotumika duniani ni vingi, lakini vitatu vyatosha kwa shauri letu.

Kipimo cha kwanza ni neno lenyewe. Mwaka 1879 waya wa simu uliopitishwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Mfanyabiashara aliyetaka kumpasha mwenziwe wa ng'ambo bei ya karafuu aliandika habari yake, na kila neno likalipiwa. Basi alikata, akapunguza, akabakiza lile tu lisiloweza kuachwa. Aliyetoa fedha alikuwa ndiye mwenye maneno, na kwa hiyo ufupi ulikuwa faida yake. Lakini geuza jambo hilo juu chini. Mwajiri akimwambia mwandishi, "Nitakulipa kwa kila neno," kipimo ni kile kile, ila mkono unaolipa umebadilika. Mwandishi huyo sasa huona faida katika urefu. Jambo la aya moja hulitandaza kurasa tatu. Husema kitu, akakirudia, akaeleza kwamba amekwisha kukisema. Huyo ndiye mtia maji katika maziwa.

Kipimo cha pili ni jicho la msomaji. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha katika New York gazeti lililoitwa The Sun, akaliuza kwa senti 1, wakati magazeti mengi ya mji huo yaliuzwa kwa senti 6. Senti moja haikutosha kumtajirisha. Alitegemea wauza bidhaa, ambao walilipa ili matangazo yao yaonwe na wasomaji wengi. Kwa hakika gazeti lile lilikuwa na biashara mbili: liliwauzia watu habari, kisha likawauzia wafanyabiashara macho ya watu wale wale. Mwaka 2003 kampuni ya Google ilianza mpango ulioitwa AdSense, na kwa mpango huo hata mwandishi mdogo asiye na gazeti aliweza kupata sehemu ya fedha ya matangazo yanayowekwa kando ya maandishi yake. Biashara ya Benjamin Day ikafika mpaka Isiolo.

Kipimo cha tatu ni manufaa. Mwaka 2011 Su Kahumbu wa Kenya alianzisha huduma iitwayo iCow, ambayo iliwapelekea wafugaji ujumbe mfupi katika simu zao juu ya kulisha ng'ombe, kumkamua na kumtunza. Ujumbe wa namna hiyo una nafasi ya herufi 160 tu. Hata hivyo wafugaji walilipa shilingi zao ili kuupokea. Hawakulipia herufi, walilipia ndama asiyekufa na maziwa yasiyopungua.

Sasa twaweza kulijibu swali la akili. Maandishi mafupi katika intaneti ni kama duka dogo la njiani. Nafasi yake haitoshi matangazo mengi, na msomaji hakai ndani yake ila dakika moja au mbili. Kwa hesabu ya kawaida lingepaswa kupata kidogo kuliko duka kubwa. Likipata zaidi, yako mambo manne ambayo aghalabu ndiyo sababu.

Kwanza, hujibu swali moja, na hulijibu lote. Mtu mwenye mbuzi kumi wa kuuza hataki historia ya ufugaji tangu zama za kale. Ataka kujua mbuzi alinunuliwa kwa bei gani mnadani jana. Akipewa jibu hilo katika mistari sita, hushukuru. Akilazimishwa kulitafuta katika kurasa sita, huondoka. Pili, huhusu jambo ambalo fedha hupita ndani yake. Wenye kutoa matangazo hushindana bei kama wanunuzi mnadani. Maandishi juu ya bima, mikopo au vifaa vya ukulima huvuta watangazaji wenye mifuko mizito. Maandishi mazuri kama hayo juu ya machweo ya jua hayana wa kuyagombea. Vivyo hivyo, msomaji aliye katika nchi tajiri huhesabiwa bei kubwa kuliko msomaji aliye Garba Tula, hata kama wa Garba Tula amesoma kwa makini zaidi. Tatu, maandishi mafupi huja mengi. Haba na haba hujaza kibaba. Moja hulishika jingine mkono, na msomaji aliyeingia kwa swali la bei hutoka amesoma pia habari ya chanjo. Nne, na hili ndilo kubwa, msomaji hurudi. Hurudi kwa kuwa jana aliambiwa kweli.

Tazama mambo hayo manne kwa uangalifu. La pili halina sifa wala lawama. Ni bahati ya soko. Ni jambo la kujua, lakini si jambo la kujisifia, kwa kuwa soko hutaja bei, halitaji thamani. Yale mengine matatu yana kazi nyuma yake, na kazi hiyo haionekani. Tumfikirie kijana mmoja, ambaye hayupo ila katika mfano wetu. Siku ya mnada huamka mapema. Huuliza wauzaji, huuliza wanunuzi, huuliza na madalali, ambao kila mmoja ana sababu ya kutaja bei isiyo yenyewe. Hulinganisha majibu, hutupa yasiyoaminika, hurudi kumwuliza tena aliyesitasita. Jioni huandika mistari sita. Asiyejua husema, "Mistari sita tu!" Ajuaye husema, "Siku nzima katika mistari sita." Kuna ufupi wa ghala lililojaa, ambalo mwenyewe amechagua kilicho bora akakuletea, na kuna ufupi wa ghala tupu, ambalo halina zaidi ya kile kilicho mlangoni. Kwa macho hufanana. Kwa matumizi hutofautiana kama mvua na wingu.

Hapa ndipo swali la dhamiri linapoamka. Maana yule anayelipwa kwa jicho hulipwa jicho linapofunguka, si akili inapotosheka. Kichwa cha habari kikimvuta mtu elfu, fedha imekwisha kuingia, ingawa ndani hamna kitu. Kwa hiyo maandishi mafupi yana kishawishi chake. Mwandishi wa marefu hushawishiwa kutia maji; mwandishi wa mafupi hushawishiwa kuuza mtungi mtupu uliopakwa maziwa mdomoni.

Turudi kwa kijana wetu. Siku moja katika msimu wa kiangazi asikia uvumi kwamba mvua imenyesha mahali fulani mbali, na majani yameota. Akingoja kuthibitisha, mwingine atamtangulia. Akiandika sasa, kwa kichwa kinachopiga kelele, maelfu watafungua. Naye ana ada ya shule ya mdogo wake ya kulipa. Nani hatamhurumia? Lakini nyuma ya simu nyingine yuko mchungaji aliyekonda pamoja na wanyama wake. Akisoma mistari ile, atawaswaga siku tatu kuelekea huko. Ikiwa mvua ilinyesha, ameokoka. Ikiwa haikunyesha, wanyama waliokuwa na nguvu ya siku tatu wamezimaliza, na hawana nguvu ya kurudi. Hili si jambo la kubuni tu ili kuwatisha vijana. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kuleta mvua ya kutosha mfululizo katika Pembe ya Afrika. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopata msiba huo. Katika nyakati kama hizo neno moja juu ya maji si mapambo ya lugha. Ni maji yenyewe, au ni sumu.

Wako watakaosema, "Msomaji ni mtu huru. Hakulazimishwa kufungua, wala hakulazimishwa kuamini." Jibu ni kwamba uhuru wa mtu aliyedanganywa ni uhuru wa kipofu aliyeonyeshwa njia ya shimo. Ni kweli kwamba miguu ni yake, lakini mwenye kosa ni aliyemwelekeza. Mnunuzi wa maziwa naye hakulazimishwa kununua. Je, kwa hiyo maji yaliyotiwa ni halali?

Wako wengine watakaosema, "Umaskini hauna adabu. Kijana asiye na kazi hawezi kuulizwa habari ya ukweli." Neno hili lasikitisha kwa kuwa lina nusu ya kweli ndani yake. Kazi ni haba, na fedha ya simu ni fedha kama nyingine. Lakini tazama ni nani anayelipa gharama ya uongo wa maskini. Mara nyingi si tajiri. Tajiri ana njia kumi za kuthibitisha habari. Ana gari, ana rafiki ofisini, ana akiba ikiwa amekosea. Anayeumia ni maskini mwenzake, ambaye mistari sita ile ndiyo habari yote aliyo nayo. Umaskini waweza kueleza kwa nini mtu aliiba. Hauwezi kumrudishia aliyeibiwa.

Lakini pingamizi la tatu ndilo gumu, na sitalificha. Wako watakaosema, "Uongo hulipa, na mara nyingi hauadhibiwi." Kwa bahati mbaya, historia huwaunga mkono. Gazeti lile lile la The Sun, mwezi wa Agosti mwaka 1835, lilichapisha mfululizo wa habari kwamba mtaalamu John Herschel, kwa darubini yake kubwa katika Rasi ya Tumaini Jema, ameona mwezini viumbe wenye mabawa wanaofanana na watu. Ilikuwa hadithi tupu. Watu walilinunua gazeti kwa pupa. Na hata uongo ulipofunuliwa, gazeti halikufa, bali liliishi mpaka mwaka 1950. Tena, mwaka 2016, vijana wa mji mdogo wa Veles, katika nchi ambayo sasa huitwa Makedonia Kaskazini, walichapisha katika intaneti habari fupi nyingi za uongo juu ya uchaguzi wa Marekani, na matangazo yakawapa fedha ambazo wazazi wao hawakuzipata kwa kazi ya viwandani.

Basi wazee waliosema kwamba njia ya mwongo ni fupi, je, walikosea? Nadhani hawakukosea, ila sisi twaielewa vibaya. Twadhani maana yake ni kwamba mwongo atakamatwa upesi. Huenda asikamatwe kabisa. Njia yake ni fupi kwa sababu haifiki mahali ambapo msomaji alikuwa akienda. Mchungaji alikuwa akienda majini. Njia ya mwongo ilimwacha katika mchanga. Mwandishi amefika benki, lakini msomaji hajafika. Na maandishi ni safari ya watu wawili. Mmoja akifika kwa kumwacha mwenziwe jangwani, hatusemi kwamba safari imefanikiwa, tunasema kwamba mtu ametelekezwa.

Kwa hiyo sitamdanganya kijana kwa kumwambia awe mkweli kwa sababu ukweli hulipa zaidi. Mara nyingi hulipa zaidi kwa muda mrefu, maana imani ya msomaji ni mtaji usionunuliwa. Lakini mara nyingine haulipi, na mtu anayesema kweli kwa ajili ya malipo tu ataiacha siku malipo yatakapopungua. Awe mkweli kwa kuwa anayesoma amemkabidhi kitu. Amemkabidhi dakika zake, ambazo hazirudi. Na pengine amemkabidhi mbuzi zake, ambazo ni karo ya watoto na chakula cha nyumba. Amana haiwi ndogo kwa sababu maneno yaliyoipokea ni machache.

Mwaka 2023 sheria ya fedha ya Kenya iliweka kodi ya asilimia 5 juu ya malipo ya watu wa nchini wanaopata fedha kwa kazi zao za intaneti. Watu wengi walinung'unika, na kunung'unika ni haki ya mlipa kodi. Lakini jambo hilo lina fundisho ndani yake. Serikali imeihesabu kazi hii kuwa kazi kama nyingine. Hata hivyo mtoza kodi hutoza asilimia ile ile kwa aliyeandika kweli na kwa aliyeandika uongo. Yeye huuliza kiasi, haulizi namna. Mtangazaji naye hahesabu ila macho. Kama wote wawili hawaulizi, amebaki wa kuuliza mmoja tu, naye ni mwandishi mwenyewe, usiku, akiwa peke yake na simu yake.

Na msomaji je? Usidhani kwamba wewe huna sehemu katika jambo hili kwa kuwa hujaandika kitu. Katika biashara ya macho, kila mara unapofungua maandishi umetoa sarafu, ijapokuwa hukuiona ikitoka mfukoni mwako. Ukifungua upuuzi mara mia kwa kuuchekea tu, umeulipa mara mia, na kesho utaandikwa zaidi. Ukimwacha mwenye mistari sita ya kweli bila kusomwa, umemfukuza sokoni. Watu hulalamika kwamba maandishi mabaya yameenea. Lakini soko huleta kinachonunuliwa, nasi ndio wanunuzi.

Wewe kijana, ikiwa siku moja utaandika ili upate riziki, na hapana aibu katika hilo, jiulize mambo matatu kabla ya kutoa maandishi yako. Je, kila neno nililoacha lina kazi, au nimetia maji? Je, nimeacha neno ambalo msomaji akilikosa atapotea? Na je, ningalikuwa mimi ndiye mchungaji, ningaliondoka na wanyama wangu kwa kutegemea mistari hii? Swali la kwanza litakulinda na urefu wa bure. La pili litakulinda na ufupi wa hatari. La tatu litakulinda na nafsi yako.

Mama mwuza maziwa wa Isiolo hufungua mtungi, hunusa, huonja, kisha husema, "Haya ni mema," au, "Yarudishe." Hatazami ukubwa wa mtungi kwanza. Lita moja safi itafika Nairobi na kumlisha mtoto. Lita kumi zilizochanganywa zitaharibika njiani na kuharibu jina la wote waliouza. Maneno nayo ni hivyo. Yawe machache au mengi, yalipwe kidogo au sana, mtu atakuja kuyanywa.